Mshipi wa Mpodo

Nimetumwa na halmashauri: futi ya chuma,
kalamu mbili, fomu ya visanduku kumi na vinne.
Tukuyu kunanyesha. Hiyo si habari.
Habari ni kwamba nyumba hii, juu ya mashamba ya chai,
ina miaka tisini mvuani
na ukuta wake wa kusini ni mkavu kama unga.

Unene wa ukuta: sentimeta sitini na nne.
Napenyeza mkono dirishani mpaka kwapa liguse jiwe la ndani,
ndipo vidole vinalowa.
Madirisha madogo, yamekunjwa kama macho ya mpishi wa kuni.
Aliyeichora alitoka Welisi, nchi ya mvua na kondoo, wanasema,
akapanga kwenye karatasi kila alichokikosa:
dohani mbili, paa la mteremko mkali,
meko ya kumtosha ng'ombe.
Baraza hakuiwaza.
Pengine kwao mgeni huingizwa ndani, mlango ukarudishwa.

Baraza aliiongeza Mwalimu Ambakisye, serikali ilipompa funguo.
Nguzo za mkaratusi, zimepinda kidogo,
kwa sababu mtu lazima awe na mahali
pa kupukuchulia mahindi huku akiitikia salamu za njiani.

Mawe ni meusi, ya mlima wenyewe,
yana matundu kama andazi lililoumuka.
Aliyeyachonga ni Kalebu Mwakibinga, babu yake mama.
Fomu haina kisanduku cha hilo.
Lakini namjua: kila jiwe la pembeni
amelikwaruza patasi mara tatu, mshazari,
kama kuku aliyepita.
Na kizingitini kachimba kijifereji cha upana wa kidole gumba.
Mchoro haukukitaka. Maji ya Rungwe ndiyo yaliyokiomba.

Dohani ya mashariki imepasuka, kutoka kichwani hadi begani.
Ni lile tetemeko la usiku, lililomwaga maziwa ya watu.
Napanda ngazi, namulika tochi ufani.

Ubao.

Mpodo mnene, umelazwa katikati ya mawe.
Naufuata kwa ufa, kwa tundu la panya, kwa plasta iliyobanduka:
umeizunguka nyumba yote,
pembeni umeshikana kwa vigingi, msumari hata mmoja hakuna.
Mchoro ninao mfukoni. Unasema: mawe matupu.

Nikaketi kwenye ngazi.

Nyumbani kwetu hadithi hii ilisemwa kwa sauti ya chini.
Kalebu alikatwa mshahara miezi miwili
kwa mbao za mpodo zilizopotea usiku,
akaulizwa mbele ya wanawe, akanyamaza.
Mama alipoolewa, shangazi za baba walimtania:
funga mlango, kaja mjukuu wa mbao.
Alicheka nao. Nilimwona akikunja khanga mara ya pili, na ya tatu.

Kumbe alikuwa ameziona nyumba za mianzi
zikicheza ardhi ikitikisika, kisha zikatulia
kama mtu aliyepiga chafya.
Kumbe alimwambia bwana, bwana akatikisa kichwa:
kwao jiwe hukaa juu ya jiwe, basi.
Au hakumwambia. Sijui. Nilikuwa sijazaliwa, na ukuta hausemi.
Najua tu kwamba aliifunga nyumba ya mtu mshipi,
kama unavyomfunga mkulima kiuno kabla ya palizi,
akalipia mshipi huo mwenyewe.

Chini, Tulinagwe, anayeishi vyumba vya nyuma,
anageuza maharage aliyoyaanika ndani ya meko.
«Umeona nini huko?»
Namwambia.
Anafikiri, mkono ndani ya ungo.
«Basi andika na kitasa cha jikoni. Kinakwama.
Hayo ya ukutani yamezoea.»

Hali ya jengo: nzuri, wastani, bovu. Weka alama.
Karatasi imelowa, wino unatambaa.
Pembezoni, pasipo na kisanduku, naandika taratibu:
Mbao zimepatikana.
Kisha, kwa kuwa bado ananitazama,
kitasa.